Barua Iliyopata Sita Juu ya Kumi

Kosa langu la kwanza katika ukarani wa kijiji lilikuwa kufagia. Sikuiba, sikulala kazini, sikumtukana mtu yeyote kwa mdomo. Nilifagia uwanja wa ofisi ya kijiji asubuhi moja, nikaufagia vizuri mno, na kwa ajili hiyo nikashtakiwa kuharibu ushahidi na kuzuia haki isitendeke.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Operesheni ya kuhamia vijijini ilituteremsha kutoka vilimani, tukapangiwa viwanja kwa mistari kama mahindi, na ofisi ikajengwa mahali njia tatu zinapokutana: moja inatoka Dirma, moja inakwenda Hirbadaw, moja inateremka Basotu ziwani. Mimi nilichaguliwa karani kwa sababu ya mwandiko. Shule niliiacha darasa la nne baba alipofariki, mengine nikajifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada iliyoanzia herufi D. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Anadhani kila mtu anamchungulia aone ni wapi palipobaki tundu. Mimi nikiona mstari umepinda tumbo huniuma, na hapa sitanii, huniuma kweli, mama yangu alikuwa akinichemshia majani.

Siku moja kabla ya kosa, Mwenyekiti wa kijiji alikuja ofisini akiwa na fimbo yake ya mikutano. Kulikuwa na habari kwamba Mkuu wa Wilaya atapita kuona maendeleo.

"Kijana," aliniambia, "kesho nataka uwanja huu ung'ae kama sahani ya harusi."

Hakujua alikuwa anamwambia nani. Usiku sikulala vizuri, nikaamka jogoo wa kwanza, nikachukua fagio la matawi na jembe. Jioni iliyotangulia kulikuwa na manyunyu, udongo ulikuwa laini. Nikakuta uwanja wangu umekanyagwa na ng'ombe kutoka mwanzo hadi mwisho, kwato zimezama, mavi marundo manne, moja mlangoni kabisa, bado bichi.

Nilikasirika. Nikakwangua mavi nikayapeleka bustanini, nikauziba ua mahali walipouvunja. Nikafukia kila tundu la kwato kwa jembe, nikamwagia maji, nikasawazisha, nikafagia. Halafu nikafagia mara ya pili, safari hii kwa mistari, yote ikielekea mlima Hanang, na nikafanya hivyo kinyumenyume mpaka mlangoni ili hata nyayo zangu zisionekane. Nilisimama kwenye kizingiti nikautazama. Nakiri kwamba sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, wala kabla wala baadaye.

Saa tatu wakaja watu wanane kutoka upande wa Dirma, wameinamisha vichwa. Walikuwa wanafuata nyayo.

Kwetu jambo la nyayo lina utaratibu wake, na kila mtoto anaujua kabla hajajua kuhesabu. Ng'ombe wakiibwa, wenyewe hufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji fulani, wenye kijiji ndio wanaozipokea, wao ndio waonyeshe zimetokea wapi kwenda mbele. Wakionyesha, mzigo unahamia kijiji cha mbele. Wakishindwa, basi ng'ombe wamefia kwao, na watalipa ng'ombe kwa ng'ombe. Ndiyo maana mtoto wa kwetu akikuta nyayo ngeni asubuhi huambiwa apite pembeni. Mimi niliambiwa hivyo labda mara mia. Asubuhi ile sikukumbuka hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua ng'ombe wale ni wa nani.

Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mrefu, blanketi begani, miguu imejaa tope. Alifika ukingoni mwa uwanja akasimama kama mtu aliyefika kwenye mto.

"Nani amefagia hapa?" aliuliza.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika, amevaa shati la sherehe. "Karani wetu huyu," akajibu kwa majivuno. "Mnaiona kazi yake?"

"Naiona," mzee akasema. Akachuchumaa, akagusa mstari mmoja kwa kidole. "Ng'ombe wangu watano wameingia hapa. Wametokea wapi?"

Huko nje ya uwanja, ng'ombe na punda wa kijiji kizima walikuwa wameshapita kwenda majini kwa njia zote tatu, huwezi kutofautisha kwato na kwato. Uwanja tu ndio ungesema wezi walishika njia ipi, na uwanja ulikuwa unang'aa kama sahani ya harusi. Mwenyekiti akauangalia, akaniangalia mimi, na nikaona majivuno yanamtoka usoni taratibu.

"Simjui vizuri kijana huyu," akasema.

Mgambo wawili wakanichukua. Mkuu wa Wilaya hakuja. Gari lake lilikuwa bovu.

Nililala kituoni siku mbili, kisha mama yangu na mjomba wakanidhamini. Askari aliyeandika maelezo yangu alinieleza shtaka bila haraka, huku anachokonoa meno. Nikitiwa hatiani, hakimu anaweza kunipa mpaka mwaka mmoja jela. Nikamuuliza jela kukoje. Akasema kuna ndoo moja kwa watu arobaini. Naomba nisieleze nilichofikiri juu ya ndoo hiyo, lakini tangu siku ile sikuogopa kufungwa kama wengine wanavyoogopa. Niliogopa ndoo.

Kijijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Kama nyayo zimeishia kwetu, kaya zitachangishana ng'ombe watano, na kila kaya ilikuwa inajua ni nani wa kushukuru. Wanawake kisimani walikuwa wakiniona wanainua nguo zao juu kidogo na kupita kwa ncha za vidole, wakisema, "Taratibu jamani, msiache alama, fundi anakuja." Watoto walinifuata na vijiti wakifuta nyayo zangu nyuma yangu.

Mahakama ya mwanzo haina mawakili. Mshtakiwa anajitetea mwenyewe, na jambo hilo lilinifurahisha, Mungu anisamehe. Niliazima kitabu cha sheria cha Kiingereza kutoka kwa mpishi wa zamani wa misheni, ambaye alikuwa anakitumia kuegemeza mlango. Kwa wiki mbili nilikaa nacho na ile kamusi yangu inayoanzia D. Neno lolote la A, B au C nililikisia. Nikaandika utetezi wa kurasa ishirini na mbili, pambizo sawasawa, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mara mbili kwa rula. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu.

Siku ya kesi nilisimama mbele ya hakimu, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora na ambaye baridi ya Hanang ilikuwa inamuumiza waziwazi. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wawili washauri wa mahakama, wenyeji wa huku, waliozaliwa na ng'ombe na watakaozikwa na ng'ombe. Mwenye ng'ombe alitoa maelezo yake kwa maneno machache. Askari akaongeza lake: kwamba mshtakiwa alifagia kinyumenyume kuficha hata nyayo zake mwenyewe, na mtu asiye na hatia haogopi nyayo zake. Washauri wakaitikia kwa vichwa pamoja. Hata mimi nilipomsikia niliona hoja ni nzuri.

Nikaanza kusoma. Nilipofika ukurasa wa tatu hakimu aliinua mkono.

"Kijana, ziko ngapi?"

"Ishirini na mbili, Mheshimiwa. Pamoja na nyongeza."

"Ziweke chini. Nijibu swali moja. Uliziona nyayo au hukuziona?"

Kitabu changu kilisema mshtakiwa halazimiki kujibu swali la kumuumiza. Lakini kusema sikuziona kungekuwa uongo, na uongo kwangu ni kama mstari uliopinda.

"Niliziona, Mheshimiwa, ila..."

"Andika," hakimu akamwambia karani wake. "Aliziona." Karani akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya sana, jambo ambalo lilinisikitisha kupita hali yangu mwenyewe.

"Ukazifuta kwa nini?"

"Zilikuwa zinachafua uwanja."

Watu walicheka, lakini mshauri wa kulia hakucheka. "Wewe ni mtoto wa wapi?" akaniuliza. "Mtoto wa huku anafuta nyayo za ng'ombe asubuhi, kisha anasema uchafu? Sema ulipewa nini na wezi, tumalize."

Hakimu akaahirisha kesi kwa siku tano. Nikiwa na shahidi wa kuonyesha kwamba nia yangu haikuwa mbaya nimlete, kama sina basi atatoa hukumu. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama alitembea mbele yangu, na tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama jela wanaruhusu mtu kuletewa majani ya tumbo.

Hapa lazima nikiri kitu nilichowaficha askari, hakimu na mama yangu. Asubuhi ile nilipomaliza kufagia, kabla wafuata nyayo hawajafika, niliandika barua ya malalamiko kwa Mwenyekiti. Ng'ombe zake walikuwa na mazoea ya kukatisha uwanja wangu, na nilikuwa nimeshamwambia mara tatu kwa adabu. Kwa hiyo safari hii niliandika bila adabu. Halafu, kwa kuwa sikuamini Kiswahili changu, nikaikimbiza shuleni kwa mwalimu wa darasa la tano anisahihishie.

Mwalimu huyo alikuwa mama wa makamo kutoka Mtwara, aliyeletwa kwetu na serikali na kusahauliwa na serikali. Alikuwa na kalamu nyekundu na hakuweza kusoma kitu chochote bila kukitia alama. Aliisoma barua yangu amesimama, akacheka, akasahihisha, akaandika chini yake 6/10, akatia saini na tarehe, kama kwenye daftari la mtoto. Mimi nikarudi nayo ofisini, na kwa sababu sita juu ya kumi si alama ya mtu kupeleka mahali, nikaanza kuiandika upya. Wafuata nyayo walipofika nilikuwa kwenye nakala ya pili.

Siku mbili kabla ya hukumu mwalimu alinikuta nje kwetu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Ile barua iko wapi?"

"Barua ipi?"

"Usinifanye mjinga. Ile niliyokupa sita. Mle ndani si uliandika ng'ombe wameingia wapi na kutokea wapi?"

"Niliandika."

"Sasa mbona hukuitoa mahakamani?"

"Bado naisahihisha," nikasema.

Mwalimu aliniangalia muda mrefu. "Kesho kutwa unafungwa."

"Najua. Niko nakala ya tisa. Imebaki aya ya mwisho tu."

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kumsemesha mtu mgonjwa, "hiyo ya tisa itasaidia nini? Mtu yeyote atasema umeiandika jana. Yenye tarehe yangu ni ile mbaya."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa nimeshajua hivyo tangu siku ya kwanza kituoni. Ninaandika haya kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Hata njia waliyotokea sikuitaja kwa mdomo, maana wangeniuliza ushahidi uko wapi, na ushahidi ulikuwa barua. Sikuificha barua kwa kumwogopa Mwenyekiti peke yake. Nilimwogopa, ndiyo, alikuwa anaweza kuniondoa kazini kwa kikohozi. Lakini kilichonizuia hasa ni kwamba hakimu ataiona ile sita. Nilikuwa tayari kwenda kwenye ndoo mwaka mzima kuliko watu wajue kwamba karani wa kijiji alipata sita.

"Siitoi," nikamwambia.

"Basi nitaisema mimi. Nilichokisahihisha huwa sikisahau." Akaondoka. Alipofika njiani akageuka. "Na ile sita nilikuonea huruma. Ilikuwa tano."

Siku ya hukumu mahakama ilijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alikaa mbele kabisa, kwa sababu kijiji chake ndicho kitakacholipa. Hakimu akauliza kama nina shahidi. Nilimwona mwalimu anaanza kuinuka. Nikajua akianza kuisimulia yeye, itakuwa na makosa ambayo si yangu. Huo ndio ukweli wa ushujaa wangu. Nikatoa barua mfukoni.

"Nina karatasi, Mheshimiwa. Niliiandika asubuhi ile ile. Tarehe ni ya Mwalimu."

Hakimu aliipokea, akaigeuza. "Nani kaipa sita?"

"Mimi," mwalimu akasema kutoka nyuma. "Saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya kengele. Saini yangu ni ile."

"Kwa nini sita?"

"Ina hasira nyingi, Mheshimiwa, na alama za mshangao zimezidi."

Hakimu akanirudishia. "Isome. Kwa sauti."

Nilisoma. Sitaandika yote hapa, mengine bado yananitia joto masikioni. Ilianza hivi: "Ndugu Mwenyekiti, nakuandikia kuhusu ng'ombe zako, ambao wamelelewa vibaya kama uongozi wa kijiji hiki!" Mahakama ililipuka. Mwenyekiti alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Nikaendelea, macho kwenye karatasi, jasho linadondoka: "Leo wameingia watano kwa upande wa njia ya Dirma, wakiongozwa na wachungaji wako wawili waliovaa katambuga za matairi, ambao hata hodi hawakupiga. Mmoja wa ng'ombe, bila shaka mvivu kama mwenyewe, anaburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Wameninyea mlangoni! Kisha wakavunja ua wa minyaa karibu na choo na kutokea njia ya ziwani, wakati kuna lango!"

Hapo mwenye ng'ombe akasimama. "Yule wa mguu ni wangu," akasema polepole. "Aliumia kwato wakati wa kulima. Hilo sikumwambia mtu yeyote hapa, hata askari."

Askari akafungua daftari lake, akapekua, akalifunga.

Washauri wawili wakainamiana wakanong'ona kwa Kiiraqw. Mwenyekiti naye akasimama, uso umebadilika kabisa, akasahau fimbo chini.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba kijana arudie hapo pa kutokea. Aruke matusi, asome pa kutokea tu."

"Atasoma yote," hakimu akasema. "Ni ushahidi."

Nikarudia yote. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa watu walikuwa wanaijua na wakawa wananitangulia. Nilipofika kwenye "njia ya ziwani", Mwenyekiti akapiga makofi peke yake. Kijiji chake kilikuwa kimeonyesha nyayo zimetokea wapi. Kilikuwa kimechelewa majuma matatu, lakini kilikuwa kimeonyesha.

"Mwenyekiti," hakimu akamgeukia, "ng'ombe zako hupita uwanja huo?"

"Mara mojamoja, Mheshimiwa."

"Kila siku!" sauti ikatoka dirishani, na nyingine zikaitikia, "Kila siku!"

Hakimu alizungumza na washauri wake muda mfupi. Mshauri wa kulia, yule aliyeniuliza nilipewa nini na wezi, ndiye aliyesema kwanza. Alisema mtu anayetaka kuficha nyayo haandiki zimekwenda wapi, kisha akampelekea mwalimu barua aisahihishe. Alisema mimi si mwizi, ni mpumbavu wa aina ambayo yeye katika umri wake hajawahi kuiona, na kwamba sheria haina kifungu chake. Hakimu akasema anakubaliana. Nia ya kuzuia haki haikuonekana. Sina hatia. Barua itabaki kwenye jalada la mahakama.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba basi nibadilishe na nakala ya tisa. Hii imefutwafutwa."

"Toka nje," akasema hakimu.

Nje mwenye ng'ombe alinishika bega kwa mkono mzito. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Aliniuliza ua ulivunjwa upande gani wa choo, kulia au kushoto, nikamwambia, akaondoka na watu wake kushika njia ya ziwani. Wawili walipatikana, mmoja wao yule wa mguu. Watatu hawakuonekana tena, na majuma matatu yale yaliyopotea ni yangu. Hakuna hakimu anayeweza kuniondolea hayo.

Mwenyekiti alinipita bila kuniangalia, akarudi hatua mbili. "Wamelelewa vibaya kama uongozi?" akaniuliza.

"Nilikuwa na hasira, Mzee."

"Uliandika nakala ngapi?"

"Tisa."

"Na zote zinasema hivyo?"

"Ya tisa inasema vizuri zaidi."

Jumatatu yake nilikuta karani mwingine ofisini, mpwa wake, mwenye mwandiko wa kuku.

Huu ni mwaka wa tatu. Sasa nafundisha kisomo cha watu wazima alasiri, chini ya mwalimu yule wa Mtwara, na asubuhi nalima na mama. Tumbo bado huniuma mara nyingine. Barua naandika mara moja, naisoma mara moja, na siku hiyo hiyo naipeleka kwa mwenyewe kwa mkono wangu.